Nani Atasema Umekufaje

Kazi ilikuja kwa barua pepe Jumapili usiku, jinsi huja nyingi. Mteja ni Mmarekani mwenye tovuti inayouza mambo ya mazishi: majeneza, bima, maua ya plastiki yasiyonyauka. Alitaka makala ya maneno 1,200 kuhusu jinsi ya kuwa mchunguzi wa vifo wa kaunti. Malipo dola 9. Ukitoa makato ya hapa na pale unabaki na pesa ya tokeni za stima na ya unga. Mimi huandika vitu kama hivyo kila wiki. Nimewahi kuwafundisha Wamarekani kusafisha bwawa la kuogelea, na huku kwetu Kayole maji huja Jumanne na Ijumaa, yakitaka.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma kabisa. Tangu hapo nikifungua maelezo ya kazi yoyote, hata isiyonihusu, macho hukimbilia kwanza pale wanapoandika masomo. Ni kama mtu mwenye jino bovu, ulimi hauachi kulitafuta. Basi nikaanza na Georgia, kwa sababu sheria yao iko wazi na mtu anaweza kuisoma bure.

Georgia ina kaunti 159, na nyingi humchagua mchunguzi wa vifo kwa kura, kama sisi tunavyomchagua MCA. Mgombea anatakiwa awe raia, mkazi wa kaunti ile, mpiga kura aliyesajiliwa, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi. Asiwe amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai. Na awe amemaliza sekondari. Nikangoja sentensi inayofuata, ile ya digrii ya udaktari. Haikuja. Kuna kozi ya msingi, ndiyo, lakini hiyo unaenda kuifanya baada ya kushinda. Kwanza unakuwa, halafu ndio unafunzwa.

Nina miaka 26 na C+ ya kidato cha nne. Manze, ukiondoa uraia na makazi, mimi nimehitimu.

Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Halafu nikasoma kazi yenyewe ni gani, na kicheko kikaisha.

Kabla sijaendelea, jina. Kwa Kiingereza mtu huyu ameitwa kutokana na taji, kwa kuwa zamani alikuwa mtu wa mfalme. Vile virusi vya 2020 navyo vilipata jina kutokana na taji hilohilo. Kwa hivyo nikimwita korona, nusu ya wasomaji wataanza kupapasa mifuko wakitafuta barakoa. Mchunguzi wa vifo atatosha.

Mtu akifa ghafla, akifa kwa vurugu, akifa peke yake bila daktari, akifa mikononi mwa polisi au jela, mchunguzi wa vifo ndiye huitwa. Mwili huwa chini ya mamlaka yake. Anathibitisha marehemu ni nani, anaijulisha familia, anaamua kama maiti itapasuliwa au la. Kama yeye si daktari, anakodi daktari wa upasuaji wa maiti. Mwishowe anaandika mambo mawili kwenye cheti, na ni hapa watu wengi huchanganya. La kwanza ni chanzo cha kifo. La pili ni namna ya kifo. Risasi kifuani ni chanzo. Lakini risasi inaweza kutoka kwa mkono wake mwenyewe, kwa bunduki iliyodondoka ikafyatuka, kwa jirani, kwa askari. Hiyo ndiyo namna, na kwa Wamarekani kuna visanduku vitano tu: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu, haijulikani. Kuuawa na mtu hapo hakumaanishi kuna aliyefanya jinai. Kunamaanisha tu kwamba mkono wa mwingine ulihusika. Korti itaamua mengine.

Neno moja kwenye kisanduku. Ukiandika ajali, bima inalipa kwa njia moja na faili la polisi linafungwa. Ukiandika kujiua, familia inabeba aibu na pengine inakosa bima. Ukiandika kuuawa, mpelelezi inabidi aamke. Na kama aliyeua ni afisa, basi neno hilo ndilo linaloamua kama kutakuwa na kesi au rambirambi tu.

Na neno hilo, katika kaunti nyingi sana za Marekani, linaandikwa na mtu aliyechaguliwa kwa tikiti ya chama. Mashambani si ajabu kukuta mchunguzi ni mwenye biashara ya mazishi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na gari la kubebea maiti na mahali pa kuiweka. Indiana ina kaunti 92 na kila moja inachagua wake. Huko mchunguzi wa vifo ndiye afisa mwenye mamlaka ya kumkamata sherifu, na sherifu akishindwa kufanya kazi yeye ndiye hushika nafasi. Hebu fikiria: mwenye nyumba ya mazishi akimfunga pingu mkuu wa polisi.

Hii kitu ni ya kitambo sana. Mwaka 1194 Uingereza ilihitaji pesa. Mfalme Richard alikuwa ametekwa akitoka vitani, fidia yake ilikuwa imekausha hazina. Wakatoa amri kila kaunti ichague watu watatu wa tabaka la juu na karani mmoja wa kulinda mambo ya taji. Maiti ilikuwa na faida kwa mfalme: kulikuwa na faini, kulikuwa na mali ya kutaifisha. Sifa kuu ya mchunguzi ilikuwa awe na mali yake, ati ili asiibe ya mfalme. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza hakuna aliyemtaka awe mganga. Walitaka mhasibu wa vifo. Wakoloni wakavuka nayo bahari, Wamarekani wakapata uhuru wakamfukuza mfalme, mtu wake wakambakisha na wakaanza kumpigia kura. Waingereza wenyewe walishaachana na hayo. Siku hizi wao huteua mtu mwenye taaluma ya sheria.

Wataalamu wa Marekani wamelia kuhusu jambo hili karibu karne nzima. Massachusetts ilibadili mapema, 1877, ikaweka madaktari. Mwaka 1928 Baraza la Kitaifa la Utafiti lilisema cheo hiki kifutwe. Mwaka 2009 Chuo cha Kitaifa cha Sayansi kikasema tena, karibu maneno yaleyale. Hakijafutwa. Kwingine kimo ndani ya katiba ya jimbo, kwingine kaunti ni maskini, na madaktari waliosomea kazi hii ni wachache nchi nzima.

Hapo nilidhani makala nimeyapata: Wamarekani wanampigia kura daktari asiye daktari, wacheni niwashangae. Nikamaliza maneno 1,200 ya mteja kabla ya adhana ya alfajiri, nikatuma. Lakini niliendelea kusoma, bila malipo, na ndipo nikafika Louisiana.

Louisiana iko tofauti. Sheria yao inataka mchunguzi wa vifo awe daktari mwenye leseni, isipokuwa pale ambapo hakuna daktari aliyejitokeza kugombea. Yaani lile tatizo la masomo wao walilitibu. Sasa sikiliza. Tarehe 10 Mei 2019 polisi wa jimbo walimfukuza dereva mmoja mweusi anayeitwa Ronald Greene. Akafa. Familia ikaambiwa aligonga mti na kufa papo hapo. Ofisi ya mchunguzi wa vifo wa Union Parish ikaandika ni ajali, moyo ulisimama. Miaka miwili baadaye, Mei 2021, shirika la habari la AP likatoa video za kamera za polisi wenyewe. Gari halikuwa limeharibika kiasi cha kumuua mtu. Mwenyewe yuko hai, anaongea, anawaambia anaogopa. Wanampiga shoti za umeme, wanampiga ngumi, wanamburuta akiwa amefungwa pingu miguuni, wanamwacha kifudifudi.

Niliitazama mara moja. Kilichonibaki kichwani hakikuwa hata ile video. Kilibaki lile neno ajali.

Mjomba Wafula, kaka yake mama, alikuwa soja wa usiku kwenye godauni moja Industrial Area. Agosti 2021, wakati wa kafyu ya saa nne usiku, aliingia kazini jioni kama kawaida. Alfajiri alipatikana kando ya barabara, kama kilomita mbili kutoka kwenye geti lake, upande ambao si wa nyumbani wala wa stendi. Kituoni, na sitasema ni kituo gani, tuliambiwa gari lilimgonga likatoroka. Ajali. Limeandikwa kwenye OB. Poleni.

Mama ndiye aliyepeleka nguo mochari. Alirudi akakaa kwenye kochi na mkoba mapajani kama mgeni.

“Miguu yake iko sawa,” akasema. “Mbavu ziko sawa. Ni kichwa tu, huku nyuma.”

Hakuna aliyejibu. Wazee walikuwa wanahesabu: mochari inatoza kwa siku, gari la kwenda Bungoma limeshalipiwa nusu, jeneza, hema, chakula cha watu. Katika mfuko wa shati lake tulirudishiwa barua ya mwajiri ya kumruhusu kuwa nje usiku, imekunjwa mara nne. Simu haikurudi. Daktari aliandika jeraha la kichwa, ambalo lilikuwa kweli kabisa. Hicho ni chanzo. Namna ilitoka kwenye kaunta ya kituo, ikaingia kwenye kibali cha mazishi kwa mdomo, ikaingia kwenye wasifu wa marehemu ambao mimi mwenyewe niliuandika kwa sababu mimi ndiye “mwandishi wa familia”, ikasomwa kaburini kwa kipaza sauti. Katika safari hiyo yote haikuwahi kupita kwa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

Sijui nini kilimpata mjomba. Labda kweli ni gari. Madereva wa Nairobi usiku wa kafyu walikuwa wanapaa. Lakini mama haamini, na miaka inavyozidi kwenda anazidi kutoamini, na sina karatasi ya kumwonyesha ambayo mtu mwenye jina ameweka sahihi akasema: nimeangalia, ni gari.

Kwa hivyo swali la digrii, ambalo ndilo lililonichekesha mwanzoni, nadhani ni swali la pili. La kwanza ni huyu mtu anakula kwa nani. Kuna hadithi ya San Joaquin, California, inayoonyesha hili vizuri, na ndani yake yumo Mwafrika. Bennet Omalu alizaliwa Nigeria wakati wa vita vya Biafra. Marekani alisomea upasuaji wa maiti, akaenda kufanya kazi Pittsburgh, na huko mwaka 2002 ndiko alikoupasua ubongo wa mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, Mike Webster, akaona madhara ambayo ligi yenye mabilioni haikutaka kuyasikia. Will Smith aliigiza maisha yake. Masomo? Ana digrii mpaka basi, angeweza kutugawia sote waliofukuzwa chuo.

Sasa katika kaunti nyingi za California sherifu ndiye pia mchunguzi wa vifo. Mtu mmoja, kofia mbili. Anaongoza polisi, na polisi wakiua mtu, yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kisanduku. Omalu alikuwa daktari mkuu wa upasuaji wa maiti chini ya mtu wa namna hiyo. Desemba 2017 yeye na mwenzake Susan Parson walijiuzulu, wakidai kwamba sherifu alikuwa akiingilia kazi yao, na kwamba vifo vilivyotokana na polisi, ambavyo wao waliona ni vya kuuawa, vilikuwa vikiandikwa ajali. Sherifu alikana. Lakini Aprili 2018 kaunti ikaamua kuzitenganisha ofisi hizo mbili, na Juni wapiga kura wakamtoa sherifu.

Mimi nimelizungusha hilo kichwani sana. Digrii zote za Omalu hazikumsaidia mradi sahihi ya mwisho ilikuwa ya mkuu wa polisi. Na kura, kitu ambacho wataalamu wa 1928 walikidharau, ndiyo iliyomwondoa huyo mkuu. Lakini pia ni kura ileile iliyomweka. Sina jibu zuri hapo.

Huku kwetu hatumchagui mchunguzi wa vifo kwa sababu hatuna. Tulirithi utaratibu ambamo hakimu ndiye hufanya uchunguzi wa kifo, chini ya vifungu vya 385 hadi 388 vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani, hakimu anapaswa kuchunguza. Vifo vingine vya ghafla huanza kwa ripoti ya polisi kwenda kwa hakimu. Umeona mlango uko wapi? Uko kituoni. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, na Rais akaitia sahihi. Miaka ikapita. Shakahola ikatokea, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, na ofisi ile bado ilikuwa karatasi.

Halafu Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay akaletwa Nairobi, na kabla ya kupambazuka alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Neno tayari lilikuwa limeshachaguliwa. Safari hii kulikuwa na mtu wa kulipinga: kundi la madaktari likiongozwa na Dkt. Bernard Midia lilisema ana majeraha ya kichwa, shingo ilikabwa, mwili una alama nyingi, na kwamba mtu hawezi kujifanyia hayo. Inspekta Jenerali alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ya kwanza. Wengi wetu tuliokuwa barabarani mwezi huo tulikuwa na jina la Ojwang kwenye mabango. Mimi pia nilikuwa nafikiria jina la daktari. Kwa mara moja mtu alikuwa amesema, kwa jina lake, mbele ya kamera, huyu alikufa hivi.

Wazazi wetu wanakumbuka mengine. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, mwaka 1990: mwili umechomwa, una risasi kichwani, na polisi wakaanza kwa kusema pengine amejiua. Mama akilitaja hilo husema tu, “Alijiua, halafu akajichoma,” na kuendelea kuchambua mboga.

Je, ningependa tumchague kwa kura? Hapana. Hebu mwazie mgombea wa uchunguzi wa vifo Kenya. Angeanza kampeni kwenye matanga, na hilo tayari wote wanafanya. Angegawa leso na unga huku jeneza liko pale. Akishinda, kila maiti ingekuwa na kabila. Lakini wivu ninao, na siuonei haya. Mwanamke wa Georgia ambaye kaka yake ameokotwa kando ya barabara anajua ni mlango upi wa kugonga, na nyuma ya mlango kuna mtu aliyekuwa akimwomba kura jana. Huyo mtu anaweza kuwa mjinga, anaweza kuwa mwenye duka la majeneza, lakini hawezi kusema si kazi yangu.

Katika kusoma kote huku niliona kitu kimoja kidogo kwenye kifungu cha 388. Mwanasheria Mkuu, na siku hizi mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anaweza wakati wowote kumwelekeza hakimu achunguze kifo fulani. Wakati wowote. Nilimsomea mama sentensi hiyo mara tatu, mara ya tatu akazima redio.

Tukaandika barua. Yeye anasema, mimi naandika kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka aelewe kila neno analotia sahihi. Akaniambia niweke kilomita mbili, niweke upande usio wa nyumbani, niweke barua ya kafyu iliyokunjwa, niweke miguu iko sawa. Nilipotaka kuweka maneno ya sheria akasema, “Wewe si wakili, mwanangu. Andika alivyokuwa.” Kwenye saiba jamaa wa kompyuta alikuwa na mfano wake wa barua rasmi, na chini ya sahihi kuna nafasi ya cheo. Akaniuliza aandike nini. Nikamwambia mpwa wa marehemu. Akaandika.

Tuliipeleka Alhamisi. Waliipokea, wakapiga muhuri wa tarehe, wakatupa nakala. Mama ameiweka kwenye ile bahasha ya kibali cha mazishi. Ameambiwa aulize tena baada ya siku 21, na ameshaweka nauli kando.